Kutoka Fumba kwa Miguu

Asubuhi nilipanda daladala mjini Unguja kwenda Fumba, nikiwa nimekwisha kuamua kwamba kurudi nitarudi kwa miguu. Nilitaka kuijua njia ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu.

Ubavuni mwangu aliketi bibi mmoja, ngata ameivaa mkononi kama bangili, ndoo tupu ya samaki katikati ya miguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda kwa nani?"

Nilipomtaja Siti, uso ulimchanua. "Huyo wa kwetu," akasema.

Siku hizi Fumba ina maghorofa, lakini kule pwani maji yalikuwa yamekupwa na wanawake wameinama mwambani wakitafuta chaza. Siti alizaliwa hapa mnamo 1880, akaitwa Mtumwa. Jina hilo linanichoma kila nikilitamka. La Siti, yaani bibi mwenye heshima, lilikuja baadaye. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye binti akawa anavichukua vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini.

Saa sita nikaanza kutembea. Mkononi nina chupa ya maji, kichwani sina kitu, na bado shingo iliniuma kwa jua. Nikawa nawaza uzito wa vyungu, na shingo isiyoruhusiwa kugeuka. Na biashara ya vyungu haiendi kimya: lazima unadi, mtu aliye jikoni akusikie na atoke. Mimi naamini sauti ile ilikomaa njiani humu, kabla hajafundishwa kinanda wala kukutana na wenzake wa taarabu.

Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Taarabu ya ikulu ilikuwa ya Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, na watu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge pale mjini, wakayasikia mambo yao wenyewe. Katika wimbo wa Kijiti aliimba habari ya mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, wakafungwa mashahidi. Mwaka 1928 akavuka bahari na kundi lake hadi Bombay, wakarekodi santuri za Kiswahili.

Maji yaliniishia kabla ya Kombeni. Nikakaa chini ya mwembe, nikavua viatu. Malengelenge mawili kisigino cha kulia. Daladala ikapunguza mwendo, konda ananing'inia mlangoni, anaita kwa sauti ya kuvuta: "Mjiniii! Mjini hiyooo!"

Nikamwashiria apite. Nikavaa viatu.