Niru haitibu ufa wa sakafu ya gereji

Masika yakiisha, wengi huku Moshi na Arusha hupaka niru juu ya ufa wa gereji. Vuli haijafika, ufa umerudi palepale. Niru ni saruji na maji tu. Haiwezi kushikilia zege linalocheza.

Kwanza jua kama ufa bado unatembea. Bandika kidonge chembamba cha plasta ya jasi kikivuka ufa, andika tarehe pembeni, subiri mwezi. Kikipasuka, bado unatembea. Pitisha na ukucha: ukikwama ukingoni, upande mmoja umedidimia. Gonga kwa nyundo. Sakafu ikilia kama debe tupu, ama tabaka la juu limeachia, ama udongo umeondoka chini, na mara nyingi ni kwa sababu ya maji ya bati yanayomwagika kando ya msingi. Rekebisha gata kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji! Penye udongo mweusi ni vigumu zaidi, maana huvimba mvua zikinyesha na kusinyaa kiangazi. Palipodidimia vunja kipande chote, toa udongo mbovu, jaza moramu (udongo wenye changarawe) kwa tabaka za sentimita 15 ukishindilia kila moja, tandika nailoni na wavu wa chuma wa BRC, kisha mwaga zege la sentimita 10 hadi 12.

Ufa uliotulia ni kazi ndogo. Upanue kwa grinda na tindo hadi upana wa milimita 12 na kina cha milimita 25, chini pawe papana kuliko juu ili kiraka kisichomoke. Piga brashi ya waya, osha, acha pawe na unyevu bila maji kutuama. Paka uji wa saruji wenye gundi ya zege, na kabla haujakauka shindilia mota ya saruji 1 kwa mchanga 3.

Kuziba mabonde ya sakafu ndiko hukosewa zaidi. Tabaka la sentimita moja la mota ya kawaida litabanduka kwa matairi. Chokoa sakafu yote kwa tindo, kisha mwaga zege la 1:1½:3 (saruji, mchanga, kokoto) lenye kokoto za milimita 10, unene usiopungua sentimita 4. Gereji ya mita 3 kwa 5.5 hula karibu mifuko 6 ya kilo 50. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa mbichi punguza. Fundi akitaka zege liteleze kama uji, mkatalie. Maji ya ziada ndiyo huleta vumbi na nyufa mpya.

Mchanga upimwe: jaza chupa nusu, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa, acha itulie kwa muda wa saa tatu. Tope la juu likizidi milimita 8 kwa kila milimita 100 za mchanga, uoshwe au urudishwe.

Teremsha sakafu sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mlangoni. Palipokuwa na kiungo cha zamani (mstari unaogawa zege), kata kiungo kipya juu yake kesho yake. Funika kwa magunia yaliyolowa siku 7. Baridi ya Juni na Julai huchelewesha zege kushika, basi ongeza ziwe 10. Gari liingie baada ya siku 28.