Ghajini: kisasi cha mtu asiyekumbuka

Filamu ya Ghajini ya Kihindi ya mwaka 2008 ina urefu wa saa tatu na dakika chache, na muda ambao Aamir Khan anatumia kuvunja watu mifupa ni mdogo kuliko muda anaotumia kumdanganya binti mmoja kuhusu jina lake. Bango liliuza kitu kingine: kichwa kilichonyolewa chenye kovu, kifua kipana kilichojaa tatuu, macho ya mtu aliyerukwa na akili. Mtu anakata tiketi ya ngumi, anapewa mapenzi ya kuchekesha, na hajisikii kuibiwa. Kwa anayeandika skripti, hapo pana mengi ya kujifunza.

Kwa asiyeijua: Sanjay Singhania (Aamir Khan) ni tajiri mwenye kampuni ya simu iitwayo Air Voice. Siku mchumba wake Kalpana alipouawa, naye alipigwa nondo kichwani, na tangu hapo kumbukumbu yake hudumu dakika 15 kisha inafutika. Anaendesha maisha kwa picha za papo hapo za Polaroid zenye maelezo, karatasi alizobandika ukutani, na tatuu anazojisoma kwenye kioo akiamka. Anamtafuta mtu anayeitwa Ghajini, jina lililokuwa neno la mwisho kinywani mwa Kalpana. Kwa lugha ya vibanda umiza, stelingi huyu ana kasoro ambayo stelingi hapaswi kuwa nayo: akichelewa kidogo tu, hajui tena anampiga nani wala kwa nini.

Mwongozaji ni A. R. Murugadoss, aliyekuwa ameshaitengeneza hadithi hiyo kwa Kitamil mwaka 2005, Suriya akiwa stelingi. Asin alicheza Kalpana katika zote mbili, na Pradeep Rawat alikuwa adui katika zote mbili. Ya Kihindi ilitoka tarehe 25 Desemba 2008 ikawa filamu ya kwanza ya India kuvuka mapato halisi ya rupia bilioni moja ndani ya nchi, yaani ile "crore 100" ambayo Bollywood inaitumia kama kipimo hadi leo. Wazo la mlipa kisasi mwenye kumbukumbu fupi, Polaroid na tatuu lilikuwemo tayari kwenye Memento, filamu ya Christopher Nolan ya mwaka 2000, na kufanana huko kunaonekana hata kwa aliyesinzia. Tofauti iko kwenye mgao wa muda. Nolan anatuonyesha mke aliyekufa kwa vipande vidogo vidogo, karibu kama tetesi. Murugadoss anampa Kalpana sehemu kubwa ya filamu nzima.

Mgao huo una kazi yake. Mtu asiyekumbuka hawezi kuomboleza, na mtu asiyeomboleza hana kisasi, ana hasira tu. Kwa hiyo lazima awepo mtu mwingine wa kukumbuka, na huyo ni mtazamaji. Tunakaa na Kalpana muda mrefu, tunacheka naye, tunayajua mazoea yake, kisha tunarudishwa kwa mwanamume ambaye anasoma kifuani kwamba Kalpana ameuawa kana kwamba anasoma taarifa ya mtu baki. Uchungu wote unabaki kwetu. Katika filamu nyingi za kisasi mkewe stelingi anapewa dakika tano: anapika, anatabasamu, anauawa. Baada ya hapo stelingi anaua watu arobaini na mtazamaji anahesabu risasi tu.

Njia ya kutufikisha kwa Kalpana ni shajara mbili za Sanjay, ya 2005 na ya 2006. Ya kwanza inasomwa na inspekta Arjun Yadav anayechunguza mauaji. Ya pili inaangukia mikononi mwa Sunita, mwanafunzi wa udaktari aliyevutiwa na kesi ya Sanjay. Kwa hiyo kisengerenyuma, yaani kurudi kwenye yaliyopita, hakitokei kichwani mwa stelingi, maana kichwa chake hakina kitu. Kinatoka kwenye daftari, tena kinasomwa na mgeni. Faida yake ya kwanza ni kwamba kila kipande cha mapenzi kinakuja na hatari ya sasa: inspekta anasoma akiwa ndani ya nyumba ya mtu anayeweza kumwua. Faida ya pili ni mkato. Shajara ya kwanza ikiisha, hadithi inakatika mahali patamu, na mwongozaji anarudi kwenye ngumi bila kuomba radhi.

Mbinu hii ina mtego wake. Shajara haiwezi kuandika usiku wa mauaji, kwa sababu mwandishi wake alikuwa chini anavuja damu. Ukitumia daftari, barua au ujumbe wa simu kusimulia yaliyopita, tafuta mapema nani atasimulia siku ya mwisho. Hapa kazi hiyo anapewa Sunita, anayefuatilia zaidi ya pale daftari lilipokomea. Inatosha, ingawa mshono unaonekana.

Sasa uongo wenyewe. Kampuni ya Sanjay inataka kuweka bango la tangazo juu ya nyumba anamoishi Kalpana, mwigizaji mdogo wa matangazo. Mwajiri wake anaelewa vibaya, anadhani tajiri yule anamtaka binti, na Kalpana anaona faida ya kuliacha jambo lilivyo. Anajitangaza kuwa mpenzi wa Sanjay Singhania. Sanjay mwenyewe anakwenda kumkabili, anamwona, kisha badala ya kumuumbua anajitambulisha kama Sachin, kijana wa kawaida asiye na kitu. Kuanzia hapo kila mmoja ana uongo wake: binti anadai kuwa na mpenzi ambaye hamjui, na mpenzi huyo amekaa mbele yake akijidai mtu mwingine.

Ni kichekesho cha kawaida cha sinema za Kihindi, na hicho ndicho kinachokifanya kifae. Watazamaji wote wanajua uongo wa namna hii huishia wapi: siku ya kufichuliwa, binti anakasirika, mvua inanyesha, wanasameheana. Tunaingoja siku hiyo kwa raha. Filamu haitupi siku hiyo. Kalpana anakufa akiwa anamjua Sachin. Mtu aliyempenda, kwa jina lile, hakuwahi kuwepo, na ungamo ambalo Sanjay alikuwa ameliweka akiba halina tena wa kulisikia. Kumwua Ghajini hakugusi deni hilo hata kidogo, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kisasi chake kinaonekana kizito kuliko cha wanaume wengine wenye bunduki kubwa zaidi. Ukiandika hadithi ya aina hii, wape wapenzi jambo moja lisilomalizika ambalo hata kifo cha adui hakiwezi kulimaliza. Siri ni nzuri. Ugomvi wa kijinga wa asubuhi ile ile nao unafaa, ingawa umetumika mno.

Muziki wa A. R. Rahman unafanya kazi ndani ya uongo huo huo. Wimbo wa Guzarish, ulioimbwa na Javed Ali, ni ombi la mapenzi ambalo Sanjay hawezi kulitoa kwa jina lake halisi, kwa hiyo linatolewa mbali na hadithi, kwenye mandhari ya jangwa ambako hakuna mwajiri, bango wala kampuni ya simu. Anayerusha nyimbo mbele kwa haraka ya kufika kwenye mapigano anakosa sehemu pekee ambapo jamaa anasema kweli.

Wema wa Kalpana umepangwa kwa hatua. Kwanza ni mdogo na wa mtaani: anawasaidia wasichana wenye ulemavu, anamwongoza mzee kipofu huku akimsimulia yaliyopo njiani. Sanjay anatazama kwa mbali. Haya yanaonekana kama mapambo ya kumfanya apendeke, hadi siku anapokuwa kwenye treni kuelekea Goa na kuwakuta wasichana 25 wanaosafirishwa kuuzwa. Anaingilia kwa sababu kuingilia ndiyo tabia yake, tumeshaiona mara kadhaa. Mtandao ule ni wa Ghajini.

Tazama matokeo ya uamuzi huo wa kiuandishi. Kalpana hauawi kwa sababu ya ugomvi wa mpenzi wake, wala hakuchaguliwa ili kumuumiza mwanamume. Anauawa kwa tendo lake mwenyewe, na Sanjay anaingia wakati mambo yameshaharibika. Kosa linaloua filamu nyingi za kisasi ni kumfanya mwanamke awe kama gari la stelingi: kitu chake kimeharibiwa, sasa amekasirika. Dawa yake ni rahisi kuitaja na ngumu kuitekeleza: marehemu awe na adui wake, na awe amempata kwa kufanya jambo tuliloliona akilifanya kwa udogo huko nyuma. Mara mbili au tatu zinatosha. Mara moja inasahaulika, mara sita inakuwa mahubiri.

Dakika 15 nazo zimetumiwa kwa hesabu nzuri. Tukio la filamu kwa kawaida huchukua dakika mbili au tatu, kwa hiyo dakika 15 ni matukio matano hadi saba hivi. Zinatosha kumfuata mtu, kumpata na kuanza kumpiga, ila hazitoshi kuwa na uhakika wa kummaliza. Filamu inaanza na Sanjay akiua mtu kisha kumpiga picha, na hapo tunajifunza kanuni. Katikati Ghajini anafika kwenye nyumba yake, anaharibu picha na maandishi na kuvuruga tatuu, yaani anaua kumbukumbu bila kumwua mwenyewe. Mwishoni, Sanjay akiwa karibu kumaliza kazi, dakika zinakwisha na anasimama kama mgeni. Hapo Ghajini anafanya upumbavu mmoja: anamsimulia kwa majivuno jinsi alivyomwua Kalpana. Adui ndiye anayemrudishia kisasi mkononi. Kanuni iliyowekwa mapema inavunjwa na tabia ya adui, wala si kwa bahati. Pongezi kwa aliyeandika.

Kitabibu kuna ukweli na kuna chumvi. Mgonjwa maarufu zaidi wa hali ya kushindwa kuhifadhi kumbukumbu mpya ni Henry Molaison, aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo Marekani mwaka 1953 kutibu kifafa, na akafariki Desemba 2008, mwezi ule ule filamu ilipotoka. Mtafiti Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota akiitazama kwenye kioo. Alizidi kuwa hodari siku hadi siku huku kila mara akidai hajawahi kulifanya. Mikono inajifunza hata kichwa kisipotunza, kwa hiyo Sanjay kubaki mpiganaji si uzushi mtupu. Chumvi iko kwingine. Wagonjwa wa namna hii kwa kawaida hubaki na mengi ya kabla ya jeraha. Sanjay alipaswa kumkumbuka Kalpana vizuri na kutokujua tu kwamba amekufa, ambalo lingekuwa jambo la kutisha zaidi kila asubuhi. Filamu inayumba hapa, mara sura ya Kalpana inamwamsha, mara ni kama hamjui kabisa.

Kasoro nyingine hazihitaji daktari. Wasichana 25 wakishatimiza kazi ya kutupeleka kwenye mauaji, hadithi inawaacha. Sunita ni mfupa mtupu: anamwonya Ghajini kwa kudhani hana hatia, kosa linaloeleweka na lenye matokeo mazuri kitaharuki, lakini hatujui anataka nini maishani zaidi ya kusoma daftari la mwanamume. Na ile kesi ya inspekta Yadav inamalizwa na basi linalomgonga barabarani, suluhisho la mwandishi aliyetaka kumwondoa mtu kwa kuwa hakujua ampeleke wapi.

Atakayetaka kuzitazama zote mbili aanze na ya Kitamil. Suriya ana wepesi wa ucheshi ambao Aamir Khan, akiwa amebeba misuli yote ile, hana. Lakini mwisho wa Kitamil una maadui mapacha, Pradeep Rawat akicheza wote wawili, na chuki inagawanyika: mtazamaji ameandaliwa kumchukia mtu mmoja mwenye jina moja. Ya Kihindi ilimwondoa pacha, na adui akabaki mmoja.