Kuku akianza kuatamia

Kukaa kiotani mchana kutwa hakutoshi kukuhakikishia kuwa kuku anataka kuatamia. Mguse usiku: akitimua manyoya, akakoroma na kukudonoa bila kutoka, huyo yuko tayari. Anayekurupuka ukimkaribia, mwache kwanza.

Kuku wa kienyeji mayai 10 hadi 12 yanamtosha. Ukimlundikia 18, ya pembeni yanapoa, na kwa kuwa huyageuza na kuyahamisha kila siku, kila yai linapata zamu yake ya baridi. Tamaa tu hiyo. Chagua yasiyozidi siku 7 tangu yatagwe, yasiyo na ufa, na usiyaoshe, maana maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda. Yaweke yote jioni moja ili yaanguliwe pamoja, na uyatie alama kwa penseli. Kuku wenzake hawakawii kuja kumtagia humo humo.

Siku ya 7 yamulike kwa tochi gizani. Yai lenye uhai lina doa jeusi lenye mishipa myekundu iliyotawanyika. Linalong'aa tupu, toa. Viza likipasukia kiotani, harufu yake utaijua.

Tandika majivu chini ya nyasi kavu kupunguza utitiri, maana ukizidi kuku huyakimbia mayai.

Siku ya 21 punguza kiherehere. Kifaranga akishatoboa ganda anaweza kuchukua hata saa 24 kutoka. Ukimbandua mapema anavuja damu, kwa kuwa mishipa ya ndani ya ganda bado haijakauka.