Ninavyoukagua upanga wa afisa wa Uingereza kabla ya kuununua

Ninakusanya panga za maafisa wa askari wa miguu wa Uingereza, hasa za kuanzia 1822 hadi Vita Kuu ya Kwanza, na kila mara naanza na bapa, yaani chuma chenyewe chenye makali. Mpini ndio unaovuta macho, ala inaweza kuwa imetoka kwenye upanga mwingine, na maneno ya muuzaji hayapimiki. Bapa linapimika.

Natoa kalipa (kifaa cha kupimia unene) na kupima unene wa mgongo mahali patatu: karibu na mpini, katikati, na kama sentimita 5 kabla ya ncha. Bapa lililofuliwa enzi ya Malkia Victoria huanza na milimita 7 hadi 10 hivi, kisha hupungua polepole hadi 2 au 3 kuelekea nchani. Wafuaji walilipunguza hivyo kwa makusudi ili uzito ubaki karibu na mkono. Nakala nyingi za kisasa zimekatwa kwenye bamba la unene mmoja, kwa hiyo vipimo vyake hukaribiana, na ukiushika upanga wenyewe unahisi unakuvuta mbele. Chuma kinaweza kuzeeshwa kwa asidi, shaba ikapakwa weusi, lakini wembamba huo unataka kazi ya fundi kweli, na anayeuza nakala za bei rahisi hawezi kuigharamia. Ndiyo maana mnadani ninapotumiwa picha za ubavuni tu, naomba moja ya mgongo iliyopigwa kutoka juu.

Urefu nao una habari. Mabapa haya kwa kawaida yana kama sentimita 82. Likipungukiwa, naangalia mfereji, ule mfuo uliochimbwa kwa urefu ubavuni mwa bapa, unaishia wapi. Upanga uliovunjika ncha ukachongwa upya huwa na mfereji unaoikaribia mno ncha, na mara nyingi umbo la asili la ncha, lenye makali pande zote mbili, limepotea. Hapo bei hushuka sana, na hakuna ukarabati wa kuirudisha.

Lazima ujue miaka ya mitindo, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha kama mpini na bapa vilizaliwa pamoja. Mtindo wa 1822 una kikinga mkono cha shaba chenye vyuma vyembamba vilivyopindwa, na bapa lenye mgongo wa mviringo kama bomba. Mwaka 1845 likaja bapa lenye mfereji. Mwaka 1892 bapa likawa limenyooka kabisa, jembamba, la kudungia kwa ncha. Mwaka 1895 kikinga mkono kikawa cha bamba la chuma lililotobolewa nakshi, na 1897 ukingo wake wa ndani ukakunjwa chini ili usichane sare. Kwa hiyo kikinga cha shaba cha zamani juu ya bapa lililonyooka si lazima kiwe cha kuunganishwa na mjanja: ndiyo hali halisi ya panga za 1892 hadi 1895. Nazipenda sana hizo, na wauzaji wasiozijua huziuza kama mabaki.

Herufi za mtawala, kwenye kikinga na kwenye nakshi za bapa, zinapaswa kukubaliana: VR za Malkia Victoria hadi 1901, za Edward VII hadi 1910, za George V hadi 1936. Zikitofautiana siukatai upanga papo hapo, maana maafisa waliweza kuweka bapa la zamani kwenye mpini mpya, ila silipi bei ya upanga kamili bila ushahidi.

Nakshi ndizo ninazokaa nazo muda mrefu zaidi. Naliinamisha bapa chini ya tochi, mwanga uingie kwa ubavu, na kutazama kwa lenzi. Nakshi za asidi zina kitako chenye chembechembe, kijivu hafifu, na ukingo wa kila jani unakatika vizuri. Bapa lililosuguliwa kwa mashine ukingo huo umelegea kama sabuni iliyotumika, na mahali pengine umebaki kivuli tu. Kutu ya hudhurungi iliyotulia ndani ya nakshi hainisumbui. Kinachonitia shaka ni nakshi zilizo safi kabisa, zisizo na doa hata moja, wakati chuma kinachozizunguka kimejaa vishimo vya kutu. Hasa jina la afisa au nembo ya ukoo ikiwa nzima kuliko majani yaliyo kando yake, naichukulia kama imeongezwa baadaye. Jina ndilo linalopandisha bei kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo ndilo linaloghushiwa.

Kwa panga za Wilkinson, kiwanda cha panga cha London, kuna njia bora. Kuanzia miaka ya 1850 mabapa mengi ya maafisa yalipigwa namba mgongoni, karibu na mpini, na vitabu vya kiwanda vimebaki, hivyo namba inaweza kukupa tarehe na mara nyingi jina la mnunuzi. Kijiduara cha shaba kilichopachikwa kwenye bapa, kilichozungukwa na nyota ya ncha sita, ni alama yao ya kupasi jaribio. Watengenezaji wengine waliiga vijiduara vyenye neno "PROVED" (limejaribiwa), kwa hiyo kijiduara peke yake hakithibitishi ubora.

Kwenye mpini natazama kichwani, pale ulimi wa bapa, sehemu yake inayopita ndani ya mpini, ulipogongewa. Nikiona chuma kinachong'aa, alama za tupa au nati, mpini umefunguliwa. Mpini unaotikisika kidogo si msiba: kipande cha ngozi cha kukazia kilicho chini ya kikinga kimekauka au mti umesinyaa. Kosa ni kugonga kichwa kwa nyundo ili ukaze, maana shaba hupasuka. Waya uliolegea juu ya ngozi ya samaki hurekebishika. Kikinga kilichovunjika na kuunganishwa huonekana kwa mstari wa rangi tofauti upande wa ndani.

Ala naijaribu tu: bapa liingie mpaka mwisho bila kulazimishwa na lisicheze.

Bei ya nyundo, ile inayofunga mnada, si bei utakayolipa. Nyundo ikigonga kwa pauni 400, ada ya mnunuzi ikiwa asilimia 25 na kodi ya asilimia 20 juu ya ada hiyo, unatoa 520 kabla ya usafirishaji. Naipiga hesabu hiyo kabla sijainua mkono. Huko Uingereza, uuzaji wa panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 au zaidi ulizuiwa 2008, ila za zaidi ya miaka 100 zimeruhusiwa. Panga za majenerali za mtindo wa 1831 zenye mpini wa pembe za ndovu zina sheria yake kali tangu 2022, kwa hiyo nataka karatasi kwanza.

Nikishaununua, natoa vumbi, nafuta kwa mafuta mepesi, kisha napaka nta nyembamba. Sinoi wala sisugui. Na ala ikiwa ya ngozi, bapa nalihifadhi nje yake, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na kutu huanzia humo.