Nilivyopata transfoma ya pawasaplai ya mashine ya vifaranga

Mama mmoja wa Chanika alikuja kwenye banda langu la ufundi, Tandika, Dar, na bodi iliyoungua ya mashine yake ya kuangulia vifaranga, kaitia kwenye mfuko wa rambo. Nilimwamkia, akaitikia, akaanza bila kuzunguka: "Mwanangu, mashine imezima siku ya 14. Trei zote zimeharibika." Mayai ya kuku yanataka siku 21 za joto lisiloyumba, kwa hiyo nilimwelewa vizuri sana.

Feni na kidhibiti joto chake vinakula volti 12, ampea 1. Nikaamua kumjengea pawasaplai (kifaa cha kushusha umeme wa ukutani) ya aina ya flaibeki, inayowasha na kuzima umeme kwa kasi kupitia transfoma ndogo, kwa VIPer22A, aisi (chipu) ambayo fundi yeyote wa deki ameshaikuta. Vitu vingine vyote nilikuwa navyo mezani. Kasoro transfoma.

Kosa nililifanya hapo. Nilichomoa transfoma ya adapta ndogo iliyoandikwa volti 12, nikaamini maandishi. Bila mzigo, yaani bila kitu kinachokula umeme, ilitoa 12 safi. Nilipoweka mzigo wa ampea 1 ikashuka hadi 10, aisi ikachemka, na baada ya muda taa ya LED ikaanza kuwaka na kuzima. Aisi ilikuwa inajizima kwa joto, ikipoa inaamka tena.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Transfoma ya flaibeki haifanyi kazi kama ile nzito ya chuma inayopitisha umeme wakati huohuo upande wa pili. Hii inafanya kama mtu anayechota maji kwa kata: swichi ikifunga, sumaku inajaa, ikifungua, inamwagwa sekondari, waya wa upande wa kutolea umeme. VIPer22A inachota mara 60,000 kwa sekunde. Nilitaka wati 12 zitoke, na nikikadiria ufanisi wa asilimia 80, lazima ziingie 15. Gawanya, unapata mikrojuli 250 za nishati kwa kila kata. Ile transfoma ya adapta niliipima kwa mita ya LC, inayopima indaktansi (uwezo wa koili kuhifadhi nishati ya sumaku), ikasoma milihenri 0.9. Kujaza mikrojuli 250 humo kunataka ampea 0.75, na aisi hii kwa kawaida inakata kwenye 0.7. Isingefika hata ningeibembeleza vipi.

Nikageuza hesabu. Nilitaka kilele cha ampea 0.5, na hapo jibu ni milihenri 2. Volti zinazorudi praimari (waya wa upande wa kuingizia umeme) nikazipangia 100 hivi: umeme ukipanda hadi 265, DC inafika 375, jumla 475, na juu yake unabaki mwiba wa volti wa kuzimwa na snaba, saketi ndogo ya kumeza mwiba huo. Swichi ya aisi inavumilia 730.

Asubuhi nikapanda daladala hadi Kariakoo kutafuta feraiti, kiini cha sumaku cha transfoma. Muuzaji alinisukumia EE16, saizi ndogo ya kiini hicho, kwa sababu bei yake ni nafuu. Nikachukua EE20, yenye eneo la katikati milimita mraba 32 hivi, kwa sababu EE16 ingetaka raundi karibu 300 ili isijae sumaku, na bobini yake (plastiki ya kuzungushia waya) haina nafasi hiyo. Kwa EE20 nilihitaji 175. Feraiti ikijaa, mkondo unapaa ghafla, na ikipata moto inajaa mapema zaidi. Ndani ya mashine ya vifaranga, kwa joto la Dar, hilo si la kupuuza.

Nilisuka nusu ya praimari, raundi 88, kisha sekondari raundi 23, kisha 87 zilizobaki, ili uvujaji wa sumaku upungue. Raundi 30 za kulisha aisi zikaja mwisho. Sekondari nilitumia waya wenye ngozi tatu za plastiki, na kila tabaka nikalifunga tepu ya manjano mara tatu. Mama yule anaingiza mikono mbichi ya maji mle ndani. Hapo sibani hata shilingi.

Pengo la hewa kati ya vipande viwili vya feraiti ndilo lililonichukua muda. Bila pengo mita ilisoma zaidi ya milihenri 30. Hesabu ilisema milimita 0.6 kwenye nguzo ya kati, lakini ukiweka karatasi chini ya nguzo zote unagawa kwa mbili. Nikakata vipande vitatu vya karatasi ya printa, nikavibana, mita ikasoma 2.2. Nikaongeza kipande cha tepu: 2.0. Nikapaka vanishi, maana unyevu wa huku unakula shaba.

Nikawasha kwa balbu ya wati 60 iliyofungwa siriizi kama kinga. Ilimulika mara moja, ikafifia. Mzigo wa ampea 1 kwa saa sita: volti 11.9, na feraiti naweza kuishika bila kuondoa kidole. Jioni, umeme wa mtaani uliposhuka hadi 180, haikutikisika.

Kabla ya kumkabidhi mama, niliandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko: 175, 23, 30, pengo karatasi tatu na tepu, milihenri 2. Fundi atakayeifungua siku nyingine asianze kukisia.