Mimi ni Simba, lakini usiku wa Tunis niliiombea Yanga

Igombe nzima, huku kwetu kwa wavuvi wa Ziwa Victoria, Mwanza, wanajua mimi ni Simba. Baba alikuwa Simba, na bendera nyekundu iko ukutani kwenye banda umiza langu, banda la kuonyesha mpira kwa kiingilio, juu kabisa ya meza ya kiingilio. Ila Jumatano ile ya tarehe 9 Novemba 2022 niliiombea Yanga ishinde ugenini, tena niliomba kwa dhati.

Sababu ilikuwa tumbo. Banda umiza haliendeshwi na mapenzi, linaendeshwa na mechi za kujaza watu. Sisi Simba tulishaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa tangu Oktoba, baada ya kuwatoa Primeiro de Agosto wa Angola. Yanga walitolewa na Al Hilal ya Sudan, wakaangukia kwenye mchujo wa Kombe la Shirikisho, kombe la pili la Afrika, na tarehe 2 Novemba wakatoka 0-0 na Club Africain ya Tunis pale kwa Mkapa, Dar. Wakivuka, napata mechi sita za makundi juu ya sita za Mnyama, yaani Simba yetu. Wakitoka, nusu ya wateja wangu wananuna mpaka Krismasi. Mwenye banda akikwambia anaombea timu yake tu, muulize kodi ya banda analipa na nini.

Basi wiki ile nzima nilikuwa mimi, mtu wa Msimbazi, ndiye ninayewatia moyo Wananchi, yaani Yanga. Wenyewe walishakata tamaa. Kocha wao Nabi alisemwa vibaya kwenye mabenchi yangu kuliko mwizi wa nyavu. Wenzangu wa Simba walipita wakiuliza kama Utopolo, jina letu la kuwakejeli Yanga, wana koti la baridi la kwenda kutalii Tunis. Nikachukua chaki nikaandika kwenye ubao wa nje: SARE YA MABAO INAWAVUSHA. Watu walisimama kuusoma. Wengi hawakuwa wamefikiria kwamba kutoruhusu bao nyumbani kulikuwa na faida yake: 1-1 kule ingetosha, maana bao la ugenini lilikuwa bado linahesabiwa: jumla ikiwa sare, aliyefunga mengi ugenini ndiye anavuka. Mzee mmoja wa Yanga, mvuvi mstaafu, akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mtani, kwa nini unatufariji? Kuna kitu." Nikacheka tu.

Tatizo langu halikuwa Club Africain. Umeme ulikuwa unakatika bila taarifa, na jenereta yangu ilikuwa kwa fundi, imefunguliwa imelala juu ya gunia, inasubiri kipuri kutoka mjini. Jumatatu fundi akasema kesho. Jumanne akasema kesho. Nikajua huyo ameshaniacha.

Aliyeniokoa ni mwezi. Msomaji wa mbali na ziwa huenda asinielewe mara moja. Dagaa wanavuliwa gizani: unawasha taa juu ya maji, wanafuata mwanga, unawazungushia wavu. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote ni taa, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi inabaki nchi kavu siku kadhaa. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 8. Kwa hiyo usiku wa mechi wavuvi wote wa dagaa wangekuwa Igombe, hawana kazi, na betri zao za taa zimekaa tu majumbani zimejaa chaji.

Nikamfuata mwenye mitumbwi mitatu, shabiki wa Yanga, nikamwomba betri mbili za N70, zile kubwa kama za gari. Makubaliano: yeye na vijana wake wanaingia bure, na nikirudisha betri nazirudisha zimechajiwa. Akaniuliza, "Na sisi tukishinda tukawacheka, hutazimwaga asidi?" Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, niliazima kwa dada wa saluni. Kisha nikapiga hesabu. Projekta inakula wati mia tatu hivi, hiyo ingenyonya betri haraka. Runinga ya nyumbani ya inchi 32 inakula kama hamsini, kisimbuzi kumi na kitu. Kwa betri mbili hapo unaangalia mpaka kesho. Nikaibeba runinga kutoka nyumbani, mama watoto akiniangalia bila kusema neno, ambayo ni mbaya kuliko kusema.

Kwenye kuwatenganisha watani sina utaalamu mkubwa. Simba kushoto, Yanga kulia, njia katikati, chupa zinabaki mlangoni. Kiingilio kwa kawaida kilikuwa 500, siku ile niliweka 1,000 na hakuna aliyelalamika. Simba walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Mtu analipa buku kuona mwenzake akilia, huo ndio utani wa jadi.

Kipindi cha kwanza 0-0. Diarra, kipa wa Yanga, ametulia golini, ila kwenye mabenchi ya kulia hakuna aliyetulia. Wanakunywa kahawa kama dawa.

Ikafika kama dakika ya sitini na kitu. Giza.

Sitasahau sauti ile. Watu zaidi ya mia wakashusha pumzi kwa pamoja, halafu matusi yakaanza, na si ya Kiswahili tu, Kisukuma kilisikika vizuri. Nikawasha tochi ya simu, nikachomeka. Hapo nikagundua kosa langu: sikuijaribu inveta na kisimbuzi kabla. Ikawa inapiga kelele ya "piii" na kujizima. Kijana mmoja wa mtumbwini akanisukuma pembeni, akakaza nyaya kwenye betri kwa koleo alilotoa mfukoni (anatembea na koleo mfukoni, sijui kwa nini, Mungu ambariki), ikawaka. Tulikuwa tumepoteza kama dakika tano. Bado 0-0.

Sasa fikiria: watu zaidi ya mia, runinga ya inchi 32 juu ya kreti la samaki. Mipaka ya Simba na Yanga ikafa palepale. Wazee wakakaa chini mbele, wengine wakapiga magoti, walio nyuma wakasimama juu ya mabenchi. Spika kubwa nilizima kuokoa betri, ikabaki sauti ndogo ya runinga yenyewe, kwa hiyo banda zima likanyamaza ili lisikie. Sijawahi kuona banda umiza limenyamaza hivyo. Ungeweza kusikia maji yakipiga mawe kule chini.

Dakika ya 79, Aziz Ki wa Yanga akafunga. Yuleyule aliyetusawazishia sisi kwa frikiki tarehe 23 Oktoba, ile 1-1.

Ushangiliaji wenyewe siwezi kuusimulia vizuri kwa sababu sikuuona. Nilikuwa nimeikumbatia runinga. Benchi mbili zilivunjika, hilo nililisikia kwa masikio. Mtu mmoja alinibusu utosini, mpaka leo simjui. Nilipoinua kichwa, mzee yule mvuvi alikuwa bado amekaa chini palepale, watu wanamruka, machozi yanamtiririka, anarudia, "Tunis, jamani. Tunis." Watani zangu wa Simba walikuwa wameanza kutafuta kandambili zao mmoja mmoja. Walionipita mlangoni waliniangalia vibaya. Nafikiri waliniona nikitabasamu.

Dakika zilizobaki hakuna aliyekaa. Kijana mmoja alitoka nje kabisa, akawa anauliza kupitia ufa wa bati, "Bado? Bado?" Kipenga kilipolia wakashuka wote mwaloni mbio, wakipiga ndoo na masufuria, wakigonga ubavu wa mitumbwi kwa makasia. Mmoja aliingia majini na jezi yake ya kijani, na simu mfukoni. Mwezi ulikuwa juu, ziwa jeupe kama mchana.

Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Jumapili ya wiki hiyohiyo ndege ilianguka ziwani kule Bukoba, watu 19 wakafariki, na wavuvi ndio waliofika kwanza kuokoa. Tangu siku hiyo mwaloni kwetu watu walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini, hata waliokuwa hawajuani na mtu yeyote kule. Zile zilikuwa kelele za kwanza wiki ile, sikuwa na moyo wa kuwaambia wapunguze.

Hesabu yangu baadaye: mbao za benchi mbili, chaji ya betri, soda ya yule kijana wa koleo. Ilibaki faida nzuri. Na mechi sita nilizipata, kisha Rivers United, kisha Marumo Gallants, mpaka fainali na USM Alger. Jenereta ilirudi, benchi nikapigilia misumari mirefu.

Fainali ya marudiano ilikuwa tarehe 3 Juni 2023, Algiers. Mwezi mpevu tena, wavuvi wote nchi kavu tena, banda likafurika. Yanga walishafungwa 2-1 Dar. Djuma Shabani akafunga penalti mapema, dakika ya saba, na ikaisha hivyohivyo, 1-0, wameshinda ugenini fainali ya Afrika. Jumla 2-2. Na bao la ugenini, lile nililoliandika kwa chaki ubaoni nikiwatia moyo, safari hii likawapa kombe Waarabu.

Walitoka bila kelele. Mzee mvuvi alibaki nyuma kidogo, akauangalia ubao wangu, akasema, "Mtani, wewe na chaki yako." Akanilipa kahawa mbili alizokuwa anadaiwa, akashuka kwenda kuangalia mtumbwi wa mwanawe.