Boo ndo alikuwa anawachungulia wao

Nimerudia kusoma To Kill a Mockingbird ya Harper Lee wiki hii, kesi ya Tom Robinson, mtu mweusi anayesingiziwa kumbaka mwanamke mzungu, nimeipitia haraka haraka kwa sababu naijua na inaniumiza, akili yangu yote ilikuwa kwenye nyumba ya kina Radley. Kitabu kilitoka 1960, ila mambo yanatokea miaka ya 1930 huko Maycomb, kamji ka kubuni Alabama, Marekani, joto kali, hela hakuna, na watoto watatu, Scout, kaka yake Jem na Dill anayekuja kila kiangazi, hawana la kufanya. Basi wakajipa kazi ya kumtoa ndani Boo Radley, jirani yao asiyeonekana nje.

Jem anavyomwelezea utadhani kaonana naye jana. Futi sita na nusu, anakula kindi na paka wabichi ndo maana mikono ina damu, uso una kovu, meno yameoza. Na hajawahi kumwona! Nusu ya habari zenyewe ni za Miss Stephanie Crawford, mmbea wa mtaa. Kokwa za pekani zikidondoka kutoka kwa kina Radley kwenye uwanja wa shule hakuna anayezigusa, eti zinaua, na mpira ukiingia kwao ndo basi tena. Hiyo ya mpira nilicheka maana mtaani kwetu pia kulikuwa na ukuta wa hivyo na mpaka leo sijui mzee wa watu alituudhi nini.

Kosa la kwanza la Boo lenyewe lilikuwa utundu wa kijana tu, yeye na wenzake walifanya fujo mjini wakamfungia afisa mmoja chooni. Wenzake wakapelekwa shule ya serikali ya watoto watukutu, na huko wakasoma vizuri kabisa, mmoja akaja kusomea uinjinia. Boo baba yake akasema huyu namchukua mwenyewe nyumbani, miaka 15 hakuna aliyemwona. Yaani walioadhibiwa walitoboa, aliyeokolewa ndo akapotea. Hapo watoto wanaogopa mtu ambaye siye kabisa.

Lakini kilichonishika safari hii ni kwamba tunasoma kama vile watoto ndo wapelelezi, kumbe jamaa yuko nyuma ya dirisha anawafuatilia kila siku. Scout anaingizwa kwenye tairi, tairi linabingirika mpaka mbele ya baraza la kina Radley, anatoka mbio kichwa kinazunguka, na huku nyuma kasikia mtu anacheka ndani ya nyumba, taratibu. Anawaficha wenzake. Halafu lile tundu kwenye mti wa kina Radley, Boo anawawekea zawadi humo, bablishi, senti mbili zilizosuguliwa zinang'aa, vinyago viwili vya sabuni, mvulana na msichana, na ukiviangalia ni wao wenyewe, hadi nywele za Scout zilivyokatwa usoni. Huwezi kuchonga hivyo kama hujamwangalia mtoto kwa muda mrefu.

Na suruali ya Jem! Inanasa kwenye seng'enge usiku, anaiacha anakimbia, akirudi kuichukua anaikuta imekunjwa juu ya uzio inamsubiri, pale ilipochanika pameshonwa, tena vibaya, kushoto kulia, ushonaji wa mtu asiyejua sindano. Mimi hapo nilifunga kitabu kidogo. Mtu mzima kakaa peke yake na taa na uzi anahangaikia suruali ya mtoto aliyekuja kumchungulia.

Anayenichefua ni Nathan, kaka yake Boo, aliyeziba tundu kwa simenti akasema mti unaumwa, wakati Atticus, baba yao Scout na Jem, anasema mti mzima kabisa. Watu wanapenda kuongelea kisu na Bob Ewell, yule aliyewavamia Jem na Scout usiku Boo akawaokoa, mi naona ukatili ni hiyo simenti, na Jem alielewa, alilia barazani kimya kimya.

Halafu angalia mwandishi alivyo mchoyo. Boo anapotoka hatimaye, Jem yuko kitandani mkono umevunjika hajitambui, anapapaswa nywele na mtu aliyemtafuta utoto wake wote na wala hajui. Na Dill, aliyeanzisha mchezo mzima, alishaenda zake Meridian, kwao Mississippi.